Istilahi zetu zimelala karakanani

Majuma machache yaliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri kifungu kifupi kuhusu Wamarekani ambao hujitengenezea, katika karakana za nyumbani, vyombo vya chuma vya kurudishia maganda ya risasi katika umbo lake la asili. Kwa Kiingereza chombo hicho huitwa "die". Mwanafunzi mmoja, tena hodari, aliandika "kifo cha chuma". Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikuthubutu kucheka, kwani neno hilohilo liliwahi kunitoa jasho.

Wakati huo nilikuwa masomoni Marekani, nikiandaa tasnifu ya uzamifu juu ya Kiswahili. Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee mstaafu, mwindaji wa kulungu, na uani alikuwa na banda lenye kerezo, jiriwa na tupa za kila namna. Bunduki yake ilikuwa ya kipimo kisicho cha kawaida, na madukani hapakuwa na chombo cha kuifaa. Basi alikiunda mwenyewe.

Risasi ifyatuliwapo, baruti huwaka na kulitanua ganda la shaba ya manjano hata likashikana na kuta za chemba ya bunduki. Atakaye kulitumia tena sharti alibane lirudie kipimo chake, ndipo atie fataki mpya, baruti na kichwa cha risasi. Chombo cha kubania ni mcheduara wa chuma cha pua, wenye hesi kwa nje ili ufungwe katika shinikizo. Kipimo kilichozoeleka ni kipenyo cha inchi 7/8, hesi 14 kwa inchi. Mzee alikereza kipande cha chuma, akakitoboa, akachonga ndani kwa kikatio kilichonolewa kufuata umbo la ganda lenyewe. Kisha alikitia motoni hadi kikawiva chekundu, akakichovya katika mafuta kipate ugumu, akaketi kukisugua ndani hadi kikang'aa kama kioo. Kosa la elfu chache za inchi lilitosha kumrudisha mwanzo. Nchini humo ufundi huu umezaa hata viwanda: mwaka wa 1943, risasi zikiwa adimu kwa sababu ya vita, Fred Huntington wa Oroville, California, alianza kutengeneza vyombo vya kuundia vichwa vya risasi katika sehemu ya nyuma ya duka la udobi la babake. Ndiyo iliyokuja kuwa kampuni ya RCBS. (Msomaji asinielewe vibaya: hapa kwetu sheria hairuhusu mtu kujitengenezea risasi bila idhini, nami sina bunduki wala sitaki.)

Siku moja mzee alikiweka kiganjani mwangu, akaniuliza: "Katika lugha yenu hiki mwakiitaje?" Nilibabaika. Nilikuwa na kurasa mia mbili juu ya vitenzi vya Kiswahili, na jina la kipande hicho cha chuma sikuwa nalo.

Jibu nililipata Mombasa, miaka miwili baadaye, kwa sonara mmoja mkongwe. Nilimwamkia, akaitika marahaba, nami nikamweleza kwa mikono na michoro. Hakungoja nimalize. "Kalibu hiyo, mwanangu," alisema, akanionyesha zake, za kusubia pete na za kugandamizia vipuli.

Neno hilo limo katika kamusi zetu. Tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako "qalib" ni umbo la kutilia madini au la kuundia kiatu. Wajuzi wengi wa asili za maneno wanakubaliana kwamba Wazungu nao walilichukua neno hilohilo, wakapata "calibre", yaani kipimo cha mtutu wa bunduki! Kumbe mzee wa Marekani alikuwa akitamka ndugu ya kalibu kila siku, nami niliyezaliwa katika lugha yenyewe nilikuwa bubu.

Hapo ndipo ninapowalaumu wenzangu wa vyuo vikuu. Tunaunda istilahi tukiwa vitini, ilhali hatujawahi kumwuliza fundi anachosema. Wapo wanafunzi wa shahada wasiojua fuawe, keekee wala parafujo, ingawa wanaweza kukariri aina zote za mofimu. Kisha tunadai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Fundi wa Kamukunji, afanyaye kazi hiyo kutwa kwa nyundo, naye huhesabiwa kuwa hakusoma kwa kuwa tu hawezi kuieleza kwa Kiingereza.

Najua nitapingwa. Vijana wengi wa jua kali husema "dai", na haki ya lugha ni ya wasemaji wake. Lakini dai kwetu ni jambo la mahakamani tayari. Kwa nini tulibebeshe mzigo wa pili, na kalibu ingalipo? Atakayeona kwamba kalibu ni ya kusubia peke yake, na aseme kalibu ya kubania.

Muhula ujao nimeamua kuwa insha ya mwisho haitaandikiwa maktabani. Kila mwanafunzi atakaa na fundi siku tatu, aje na maneno hamsini, pamoja na mchoro wa kila kifaa. Yule wa "kifo cha chuma" ameshaniomba aende kwa sonara.