Picha ya kipimo cha kasi haitakuchagulia laini

Haya basi, leo tuzungumzie hizi picha za vipimo vya kasi ya intaneti. Unazijua. Mtu amesimama mahali fulani Westlands, simu yake inaonyesha 5G pale juu, amebonyeza kitufe cha Speedtest, mshale umepanda ukapita 300, kisha anaitupa picha hiyo kwenye kundi la WhatsApp na maneno mawili: "Hamieni huku." Mara wanajitokeza wa laini ile nyingine na picha zao, na ubishi unawaka kama wa Gor na Ingwe. Hakuna anayeuliza picha ilipigwa saa ngapi, wapi, wala kwa simu gani.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na programu nyingi siku hizi zinaishia kwenye rununu ya mtu aliye ndani ya matatu au kijijini kwao, si kwenye tarakilishi ya ofisini. Kwa hivyo suala hili la kasi ni la mkate wangu wa kila siku. Na maoni yangu ni haya: ile namba kubwa inayopigwa picha ndiyo ya mwisho kuitazama ukitaka kujua ni laini gani ya kununua.

Kabla ya kuendelea, tuondoe mkanganyo mmoja upesi upesi. Kasi hupimwa kwa biti, faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Ukiona 20 Mbps, maana yake ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Faili ya megabaiti 50 itachukua sekunde 20, si mbili na nusu. Watu wengi wanaolalamika kwamba wameibiwa kasi wamesahau kugawa kwa nane tu. Wengine, kusema kweli, wameibiwa... lakini tutafika huko.

Sasa, kipimo chenyewe hufanya nini? Speedtest ya kampuni ya Ookla, ambayo ipo tangu 2006, hutafuta seva iliyo karibu nawe, hufungua njia kadhaa kwa mpigo, na kuvuta takataka za data kwa sekunde chache ikihesabu zimeingia ngapi. Seva hiyo mara nyingi inaendeshwa na mtoa huduma mwenyewe. Yaani data inatoka nyumbani kwake, inapita kwenye mnara wake, inafika kwako. Ukipima hivyo umejua jambo moja la kweli: kipande cha kati ya simu yako na mtoa huduma kina uwezo gani. Hujapima intaneti.

Ukiandika "speed test" kwenye Google na kubonyeza kile kitufe cha buluu, unatumia kipimo kingine kabisa, kile cha Measurement Lab, mradi ulioanza 2009. Hicho huvuta data kwa njia moja tu, na seva zake haziko ndani ya mtandao wa mtoa huduma wako. Aghalabu kitakupa namba ndogo zaidi. Halafu kuna Fast.com ya Netflix iliyotoka 2016, ambayo huvuta kutoka kwa seva zile zile zinazobeba filamu zao. Ujanja wake naupenda: mtoa huduma akibana video za Netflix ili kupunguza msongamano, atakuwa amekibana na kipimo chenyewe, na atajianika.

Kwa hivyo simu moja, dakika moja, vipimo vitatu, namba tatu. Hakuna inayodanganya. Kila moja imejibu swali lake, na ubishi wa WhatsApp unatokana na watu wanaolinganisha majibu ya maswali tofauti.

Umbali nao una mambo yake. Tuna bahati kwamba data ya kutoka mtandao mmoja wa hapa Kenya kwenda mwingine inaweza kubadilishana humu humu nchini kupitia KIXP, ambayo imekuwa ikifanya kazi tangu 2002. Zamani barua pepe ya kutoka Upper Hill hadi Mombasa Road ingeweza kupanda setilaiti, kuzunguka ng'ambo na kurudi. Lakini tovuti nyingi unazozitumia bado ziko mbali, na njia ya kwenda huko ni nyaya za chini ya bahari zinazotia nanga Mombasa. Nuru ndani ya uzi wa kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi London kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 6,800, kwenda na kurudi 13,600, kwa hivyo hata mtoa huduma angekuwa malaika, jibu haliwezi kurudi chini ya milisekunde 68. Na nyaya hazinyooki, zinafuata bahari. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika mwezi wa Mei 2024, mtu aliyekuwa akipima kwa seva ya Nairobi angeweza kuona namba nzuri tu huku tovuti za nje zikitambaa. Kipimo chake hakikuwa kinafika baharini.

Hapo ndipo tunapoifikia ile namba ndogo iliyo kando, ambayo wengi hawaitazami: ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Mimi nikiwa mwandishi wa programu, hii ndiyo inayoninyima usingizi. Ukifungua ukurasa, simu yako kwanza inauliza anwani ya tovuti, kisha inabisha hodi kwenye seva, kisha wanakubaliana siri ya kufunga mazungumzo, kisha ndipo inaomba ukurasa. Hizo ni safari nne kabla hujaona hata herufi moja. Safari ikichukua milisekunde 200, zimekwenda 800 bure. Ikichukua 30, ni 120 tu. Hapo kasi ya 300 Mbps haina la kukusaidia, kwa sababu hakuna kilichoanza kupakuliwa. Ndiyo maana kuna laini inayotoa namba kubwa lakini mtandao "unahisi" mzito, na nyingine ya namba ndogo inayofungua kila kitu chap chap. Hisia yako haijakosea.

Tena ping ina undugu na kitu kingine kibaya zaidi: ping wakati laini ina mzigo. Mwache mtu mmoja nyumbani apakue faili kubwa kupitia simu yako, kisha wewe upige simu ya video. Kwenye mtandao mbovu, vifaa vya njiani hupanga data yote foleni ndefu badala ya kuacha baadhi, na sauti yako inangoja mkiani. Fast.com itakuonyesha ukibonyeza pale pa maelezo zaidi, na kipimo cha Cloudflare kinaionyesha pia. Kama milisekunde 40 zinageuka 900 mara tu upakuaji unapoanza, achana na hiyo laini kwa kazi ya mikutano, hata kama mshale wake unapasua paa.

Na kupakia je? Kwa nini hakuna anayejisifia kasi ya kupakia? Anayeuza viatu kwa video za Instagram anapakia. Mwanafunzi anayetuma vyeti kabla ya saa ya mwisho anapakia. Kijana anayefanya kazi za mtandaoni akiwa kwao Kakamega, anayelipwa kwa kila faili anayowasilisha, riziki yake nzima inapita kwenye kupakia. Na hapa fizikia haimhurumii. Simu ya 4G inaruhusiwa kurusha mawimbi kwa nguvu ya kama wati 0.2, ilhali mnara hurusha kwa makumi ya wati. Mnara unakupigia kelele, wewe unaunong'onezea. Ukiwa mbali au nyuma ya ukuta mnene, kupakua kutaendelea vizuri kiasi huku kupakia kukiwa kumekufa kitambo. Kwa hivyo nasema wazi: mtu akikuomba ushauri wa laini, mwulize kwanza anatuma nini, kabla ya kumwuliza anatazama nini.

Zile fito za mtandao juu ya kioo nazo zisikuhadae. Zinaonyesha nguvu ya mawimbi, hazionyeshi mko wangapi. Mnara unagawiwa wote walio chini yake, na saa mbili usiku, watu wakiwa wamerudi makwao Pipeline na Githurai na kila mmoja ana video yake, unaweza kuwa na fito zote na usipate kitu. Ukitaka namba halisi ya mawimbi, kwenye Android nenda kwenye mipangilio, kisha kuhusu simu, kisha hali ya kadi. Utaona dBm, namba hasi. Kwenye 4G, -80 ni nzuri, -110 ni shida. Mawimbi mazuri na kasi mbovu maana yake ni msongamano, na kuhama laini kunaweza kukuponya. Mawimbi mabovu, jaribu kwanza kusogea dirishani, ni bure.

Ukitaka kulinganisha laini mbili kwa haki, tumia simu ile ile, mahali pale pale, na zipishane kwenye tundu lile lile la kadi. Hili la tundu watu hulisahau. Simu nyingi za zamani za laini mbili, tundu la pili halipandi kufika 4G, kwa hivyo unailaumu kampuni kwa kosa la simu. Pima asubuhi, mchana, na saa mbili usiku, siku kadhaa, na kila mara uchague seva moja badala ya kuiachia programu ijichagulie. Kisha usichukue wastani! Tuseme laini ya kwanza imekupa 2, 3, 3, 4 na 58. Wastani wake ni 14. Ya pili imekupa 7, 8, 8, 9 na 10, wastani 8.4. Kwa wastani, ya kwanza ndiyo bingwa. Lakini zipange kwa ukubwa utazame ile ya katikati: ya kwanza 3, ya pili 8. Utaishi na ile ya katikati. Ile 58 ni ya kupigia picha.

Walio na uvumilivu waweke Termux kwenye simu na kutumia curl kuvuta faili moja kutoka kwa tovuti wanayoitumia kweli. Itakuambia kasi kwa baiti, zidisha kwa nane. Mimi hufanya hivi kwa seva za kazini, kwani sina haja ya kujua njia ya kwenda kwa Netflix ikoje saa nne asubuhi.

Sasa turudi kwa walioibiwa. Neno linaloniudhi katika matangazo ya intaneti ni neno dogo sana: "hadi". Kasi hadi kiasi fulani. Hata sifuri imo ndani ya "hadi"! Muuza sukari hawezi kukuuzia "hadi kilo mbili". Mamlaka ya Mawasiliano hupima ubora wa huduma, na ni vyema, lakini wastani wa nchi au hata wa kaunti haumfai mtu wa Lodwar anayetaka kujua mnara wa mtaani kwake unafanyaje usiku. Watoa huduma wanazo hizo takwimu, mnara kwa mnara, saa kwa saa, la sivyo wasingejua wapi pa kuongeza vifaa. Watuwekee namba ya katikati ya saa mbili usiku, kata kwa kata, ya kupakua, ya kupakia na ya ping. Wakisema ni siri ya biashara, basi nasi tuendelee kuwapima wenyewe, na matokeo ya kipimo cha Measurement Lab yanawekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuyachambua.

Ila angalia bando lako. Kupima kwa sekunde 10 kwenye kasi ya 20 Mbps kunameza megabaiti 25, na kwenye 300 Mbps ni megabaiti 375, hapo bado kupakia. Vipimo vitatu vya fahari pale Westlands vinamaliza gigabaiti. Mimi hununua bando la siku linaloisha saa sita za usiku, nikafanya shughuli zangu, na kile kinachobaki saa mbili ndicho ninachopimia.