Injini Kuukuu Isikatwe Kabla ya Kujulikana



Kutoka hapa Kiriri twaona mji wote chini yetu, na Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Lakini yako mambo ya karibu ambayo hatuyatazami. Moja ni viwanja vya vyuma chakavu huko chini mjini, ambako injini za dizeli za zamani zimelala katika matope zikingoja kukatwa na kuuzwa kwa kilo. Maoni yangu ni haya: injini isikatwe kabla haijajulikana ni ya namna gani, na sisi wanafunzi twaweza kusaidia kuitambua. Ila tufanye kwa uangalifu, maana mimi nilifanya ovyo, na hasara ikampata mtu mwingine.

Nisemapo injini sisemi za magari. Nasema zile zilizofungwa mahali pamoja juu ya sakafu ya saruji, zikasaga unga, zikavuta maji, zikamenya kahawa au zikatoa umeme. Nyingi zina silinda moja au mbili tu, na magurudumu mazito ubavuni.

Huenda mtu akauliza kwa nini kuna za namna nyingi hapa kwetu. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1921 Wabelgiji, waliokuwa wakitawala nchi hii, walikubaliana na Waingereza wapewe sehemu zao za bandari pale Dar es Salaam na Kigoma, na mizigo ikapita njia hiyo mpaka Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa hadi mwaka 1962. Basi si ajabu kukuta injini ya Ubelgiji, ya Ujerumani na ya Uingereza zimelala pamoja, na ya India kando yao.

Sasa nieleze kosa langu. Mama mmoja jirani yetu ana mashine ya kusaga mahindi na mihogo. Injini yake ilipokufa, alitafuta nyingine kuukuu, akaniomba nifuatane naye kiwanjani kwa kuwa alisikia nasoma vitabu vya mitambo. Tukaona injini moja ya silinda iliyosimama wima, yenye magurudumu mawili, na kibati cha shaba kilichoandikwa Lister, nguvu za farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika. Nilifurahi mno. Injini hiyo naijua kwa kusoma: namna yake ilianza kutengenezwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929, na baadaye mafundi wa Rajkot, India, wakaiiga kwa miaka mingi. Silinda yake ina upana wa inchi 4 na nusu, yaani milimita 114, na pistoni husafiri inchi 5 na nusu.

Fundi wa Mama alitaka kuifungua kwanza na kupima. Nikamwambia, "Hakuna haja, Mzee, kibati kimesema." Naye kwa heshima ya shule akanyamaza. Mama akanunua, akaagiza pistoni na ringi zake kutoka Dar es Salaam. Zilipofika, fundi akafungua. Silinda ilikuwa milimita 105. Pistoni haikuingia. Kibati kilikuwa cha injini nyingine. Mtu alikipigilia pale ili kuuza. Tulipokwangua rangi ubavuni tukakuta herufi za kiwanda kingine kabisa.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, wewe ulisoma, lakini hukutazama." Maneno hayo yameniuma kuliko fimbo.

Kwa hiyo nawaandikia wenzangu jinsi ya kutazama.

Kwanza, hakikisha kama ni dizeli. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanikiwa huko Augsburg mwaka 1897, hakutumia cheche. Hewa ikishindiliwa sana hupata moto, na mafuta yakinyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe. Ukiona plagi na magneto, hiyo si dizeli. Ukiona pampu ya mafuta na bomba jembamba la chuma kigumu liendalo mpaka kichwa cha silinda, yaelekea ni dizeli. Lakini ziko pia za kale zenye kichwa kama chungu, ambacho hupashwa moto kwa taa kabla ya kuwashwa. Hizo ni jamaa nyingine.

Pili, kisome kibati, kisha uchunguze misumari yake. Ikiwa chuma chote kina kutu na misumari inang'aa, kuwa na shaka.

Tatu, tafuta herufi na namba zilizosubiwa pamoja na chuma chenyewe. Kibati chaweza kuhamishwa; herufi za kusubu haziondoki mahali pake. Zimefichwa na rangi na grisi, basi chukua brashi ya waya na mafuta ya taa. Ila ujue kwamba namba ya kusubu mara nyingi ni ya kipande kile tu, si ya injini nzima.

Nne, jaribu nati kwa spana. Injini za zamani za Uingereza zilifungwa kwa vipimo vya inchi, na spana ya milimita mara nyingi haikai sawasawa. Za Ubelgiji na Ujerumani kwa kawaida ni za milimita.

Tano, na hili ndilo nililolipuuza, pima upana wa silinda na mwendo wa pistoni. Kisha andika yote daftarini na kupiga picha kabla ya kutaja jina lolote.

Najua baadhi ya wenzangu watacheka. Watasema injini mpya zapatikana, umeme wa jua unaenea, na kilichozeeka kimezeeka. Sikatai vitu vipya. Tena nakiri kwamba injini iliyopasuka mwili au kuvunjika ekseli yake kuu haina dawa rahisi. Hiyo na iyeyushwe. Lakini injini ndogo nyingi za siku hizi huzunguka mara 2,000 na zaidi kwa dakika, na zile za zamani huzunguka polepole na zina chuma kinene. Mwenye mashine ya kusaga kilimani, aliyekwisha kutumia akiba yake yote, hawezi kuambiwa angoje umeme. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Tena tazameni ziwa letu. Meli ya Liemba, iliyoitwa kwanza Goetzen, Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, lakini kabla ya kuizamisha walipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mitambo ile ilikuwa ya mvuke, si dizeli, lakini fundisho ni moja: kulala chini si kufa.

Mwenye kiwanja mmoja aliniambia, "Kijana, mimi napima kilo, na jina halina kilo." Kwake ni kweli. Lakini kwa mnunuzi jina la kweli ndilo litakaloamua kama atapata pistoni au hatapata.

Basi naomba mambo mawili. Kwanza, shule yetu iwe na daftari la injini, na kila mwanafunzi akutanaye na moja aandike vipimo vyake. Pili, ninyi kaka zetu mliotutangulia, wengine mko bandarini, wengine viwandani na mashambani. Mkiwa na kitabu cha injini ya zamani, au mkikumbuka tu ni injini gani iliyokuwa ikisaga kwenu, tuandikieni.

Mashine ya Mama yasaga tena, kwa pistoni iliyotolewa katika injini nyingine iliyokufa, baada ya fundi kupima mara tatu. Ile iliyoagizwa bure naiweka mezani ninaposomea. Ni ya milimita 114, mpya kabisa. Akijua mtu injini ya kweli inayoihitaji, aniambie, nimrudishie Mama fedha zake.