Kitendawili ni cha Wengi
Kwa Wasukuma wa Lalago, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, mtegaji wa kitendawili huita “Kalagu!” na wasikilizaji huitikia “Kize!” Hapo akili za wengi huanza kazi moja. Chukua kitendawili hiki cha Kiswahili: “Popoo mbili zavuka mto.” Mtoto atataja mitumbwi, bibi atamkumbusha kuwa popoo ni za mviringo, mwingine ataongeza kuwa zinavuka bila kulowa. Ndipo jibu litakapotoka: macho. Kila jibu lililokosewa limepunguza njia za kupotea. Wakishindwa kabisa, humpa mtegaji mji, naye hufumbua. Wazazi na walimu wa Simiyu, rudisheni mchezo huu jioni. Unamzoesha mtoto kusikiliza wenzake kabla ya kujibu, na hilo hakuna simu itakayomfundisha.