MALEZI NYUMBANI: Ukila kimoja, unaweza kuliwa vitatu

Juma hili msitupe vifuniko vya chupa. Vitatufaa kwa malezi.

Chukueni katoni, mchore miraba 10 kwa 10. Mpake makaa mraba mmoja, muache mmoja. Kila mchezaji, kijana ao binti, anapanga vifuniko 20 juu ya miraba myeusi: vya huyu vinaangalia juu, vya yule chini. Huo ni mchezo wa dame.

Kifuniko kinakula kwa kuruka cha adui na kutua penye nafasi nyuma yake. Kikipata kingine cha kula kutoka pale, kinaendelea kuruka, hata vitatu ao vine kwa zamu moja. Kwa sheria za kimataifa kula ni lazima, na penye njia mbili unafuata ile yenye kula vingi.

Mtego uko hapo. Mchezaji hodari anakutolea kifuniko kimoja bure. Unakila kwa sababu sheria inakulazimisha, kumbe umemfungulia njia ya kula vyako vitatu. Kwa akili ya namna hiyo Baba Sy wa Senegali alishinda wengi, hata akatambuliwa bingwa wa dunia wa mwaka 1963.

Mtoto akiliwa hivyo, tusimcheke. Tumuulize: «Kabla adui hajakutolea kile kimoja, uliona nafasi zilizo wazi nyuma yako?» Atajifunza kuhesabu hatua zinazokuja.

Kule machimboni pia kuna kifuniko cha bure. Mtoto anaitwa kuokota mawe asubuhi moja, anapata feza ya mkate. Kesho anarudi. Kisha kalasi inapotea, kifua kinaanza kukohoa vumbi, na heshima kwa wazazi inapungua. Kimoja kimeliwa, vitatu vimekwenda. Sheria ya Kongo inakataza watoto kufanya kazi hiyo, lakini tunajua feza ile inanunua unga nyumbani.

Kwa hiyo tusimwachie mtoto peke yake kazi ya kukataa. Siku ya likelemba tuulizane: mtoto wa nani hajaonekana shuleni juma hili? Mama yule akikosa unga, tumtangulizie zamu yake.

Kwenye dame, kula ni lazima. Machimboni, mtoto anaweza kuacha kile kimoja, kama nyumbani kuna chakula cha jioni.