Tuitume Kisumu Yetu kwa Posta

Ndugu zangu wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia,

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na wapiga picha wa kigeni wakafuata. Picha zao ziligeuzwa postikadi zikapelekwa Ulaya. Humo wamo babu na nyanya zetu, wamesimamishwa mbele ya kamera, na chini yao neno moja: Kavirondo, jina la kikoloni la eneo letu. Jina la mtu halimo, wala la kijiji.

Naomba tujibu kadi kwa kadi. Kabla ya Oktoba 9, Siku ya Posta Duniani, kila nyumba, darasa na chama kitengeneze postikadi zake za vipande vya kubandika na kuzituma.

Vifaa vimetuzunguka. Jioni fundi cherehani hufagia mabaki ya kitenge, mwombe akuwekee. Yakusanye magazeti ya juzi, kalenda za mwaka jana na maboksi ya dukani. Hata gugumaji, lililotusumbua ziwani tangu miaka ya 1990, hutoa karatasi: mabua hukatwakatwa, huchemshwa na kupondwa, rojo lake huchanganywa na karatasi kuukuu, kisha hutandazwa kwenye wavu na kuanikwa juani.

Kata boksi sentimita 15 kwa 10. Paka gundi nyembamba hadi ukingoni, maana pembe iliyorukwa ndiyo itakayobanduka njiani. Lalisha kadi chini ya vitabu vizito usiku kucha, la sivyo itajikunja. Shanga na magamba ya samaki yaache. Kadi iwe bapa ili muhuri uipige vizuri.

Tuonyeshe nini? Boti za Dunga, soko la Kibuye siku ya Jumapili, omena zikianikwa, mawe ya Kit Mikayi. Ukimweka mtu, mwombe ruhusa kwanza, kisha andika jina lake na kazi yake. Mama anayekaanga samaki ufukweni ana jina, na wateja wake wote wanalijua. Nalo lisafiri.

Nyuma ya kadi, ujumbe ukae kushoto na anwani kulia, chini ya stempu. Nyanya hana sanduku la posta? Wengi mashambani hupokea barua kupitia S.L.P. ya shule au kanisa. Piga simu uulize, kisha andika jina lake, nambari hiyo na msimbo wa posta: 40600 kwa Siaya, 40300 kwa Homa Bay. Aliye ughaibuni naye asisahauliwe. Picha za simu anazo tele, ila kadi yenye kitenge cha kwao ataibandika ukutani.

Walimu, tengeni kipindi cha sanaa kwa kazi hii. Viongozi wa makanisa, misikiti na vyama, wekeni meza moja, mikasi na gundi Jumamosi moja. Mafundi, msitupe mabaki. Nawe msomaji, chagua leo mtu wa kwanza atakayepokea kadi yako, na uanze kuitafuta anwani yake.