Mnataka Binti Apige Mayowe?

Ndugu wasomaji, nina ugomvi, na naomba niumwage hapa hapa.

Siku tuliyokutana kusomeana kazi nilileta picha iliyochapwa katika kitabu kimoja cha sanaa. Ni chapa ya Claude Lorrain ya mwaka 1634: Europa akitekwa na Zeu. Wenzangu wakaitazama, wakacheka. Eti utekaji gani huu? Wasichana wamestarehe ufukweni, ng'ombe wapo, miti imenawiri, merikebu ziko majini. Binti kakaa juu ya fahali kama bibi harusi. "Hii pikiniki," akasema mmoja. Mwingine akadai mchoraji aliogopa kuuonyesha ubaya.

Mie nasema hapana. Hamkuitazama!

Kwa wasiokijua kisa: Europa alikuwa binti wa mfalme wa Foinike, pwani ambayo leo ni Lebanon. Zeu, mkuu wa miungu ya Wagiriki, akamtamani. Hakuja na upanga. Alijigeuza fahali mweupe, mpole, mzuri wa kupapaswa. Ovid, mshairi wa Roma, anasimulia kwamba binti alimwogopa kwanza, kisha akamlisha maua, akazivika pembe zake mashada, mwisho akampanda mgongoni. Fahali akajongea polepole hadi majini, akaogelea naye mpaka Krete. Kaka yake, Cadmus, alitumwa kumtafuta na kuambiwa asirudi bila yeye. Hakurudi.

Sasa niambieni, mayowe yangepigwa na nani hapo ufukweni? Wote walikuwa wakifurahi. Titian wa Venice alichagua dakika ya baadaye. Katika mchoro wake wa rangi uliokamilika 1562, binti kalala kombo mgongoni mwa fahali baharini, kitambaa kinapepea. Kila mtu anaelewa, anahuzunika, kwisha. Claude kachagua dakika ambayo mtu bado angeweza kusema "shuka", na hakuna asemaye. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Wala hakubahatisha. Chapa za namna hii hazitaki pupa. Bamba la shaba hupakwa nta, msanii hukwangua kwa sindano, kisha tindikali huila shaba pale palipokwanguliwa. Ikiachwa muda mrefu mstari hukolea. Halafu wino, karatasi, mashine ya kugandamiza, na picha hutoka kulia kumekuwa kushoto. Mtu afanyaye kazi kinyumenyume hivyo anajua anachokiacha nje. Tena kisa hicho alikirudia kwa rangi, 1655 na 1667 ikiwemo. Nani hurudia kwa miaka zaidi ya thelathini jambo asilolijali?

Wapo watakaosema alijali mwanga na miti tu, watu kwake ni chumvi ya mchuzi. Nakubali nusu. Watu wake ni wadogo kweli, na nyuso hazikuwa fani yake. Lakini binti akiwa mdogo hivyo mbele ya bahari yote ile, nani atashtuka akiondoka?

Nina uchungu wangu pia, sifichi. Muswada wangu ulirudishwa na mchapishaji mmoja. Ukurasa ambapo msichana anaondoka na mjomba wa rafiki yake kwa gari ulizungushiwa wino mwekundu, pembeni kumeandikwa: hakuna msisimko, weka purukushani. Jamani, nilitii. Nikaweka mayowe, gauni likachanika, majirani wakatoka na fimbo. Nilipousoma usiku nikaona nimemsingizia yule msichana. Yeye alikwenda akicheka, soda mkononi, na mamake alimpungia mkono kutoka barazani. Purukushani ile ilikuwa ya kumpendeza msomaji, ajione kwamba angekuwepo angemwokoa.

Kwani sisi tunafikiri hatari huja imevaa pembe za kutisha? Hata Wagiriki wenyewe wamemweka Europa na fahali wake kwenye sarafu ya euro mbili tangu 2002, na watu wananunulia mkate bila kuuliza alikuwa anapelekwa wapi.

Mayowe nimeyafuta. Ukurasa umerudi ulivyokuwa, na nitaupeleka kwingine. Aliyesema pikiniki ajibu katika toleo lijalo, lakini kwanza aishike tena picha ile, ahesabu ni wangapi pale ufukweni wanaomzuia fahali.