Mtoto akisinzia kwenye sala, kosa ni la nani?

Nilikuwa kimya siku kadhaa, nilikuwa Mtunda. Kwa wale wenzangu ambao ramani yao ya kusini inaishia Mbagala, Mtunda iko wilaya ya Kibiti, mkoa huu huu wa Pwani, kwenye bonde la Mto Rufiji. Unapanda gari Rangi Tatu, unaifuata barabara ya Kilwa mpaka Kibiti, halafu unatafuta bodaboda na kuomba vumbi likuhurumie. Nilikwenda kufuata habari za mpunga. Lakini kilichonikalisha kwenye kompyuta leo si mpunga.

Nilifikia kwa rafiki yangu mwalimu. Yeye na mkewe ni watu wa bara, ni Wakristo, na kwa pale wako wachache sana. Majirani karibu wote ni Waislamu, na wanaishi vizuri tu, futari wanaletewa na Krismasi wanapeleka pilau. Kanisa lao ni la safari, wanalifikia Jumapili moja moja. Kwa hiyo ile sala ya jioni nyumbani ndiyo kanisa lenyewe.

Usiku wa kwanza, baada ya chakula, mkeka ukatandikwa. Watoto watatu: mmoja wa miaka kumi na mmoja, mmoja wa minane, na kitinda mimba wa miaka minne. Baba akafungua Biblia akasoma sura nzima, tena zile sura za fulani akamzaa fulani. Akaifafanua. Kisha akaomba. Aliombea viongozi wa nchi, wagonjwa, wafungwa, wasafiri wa nchi kavu na wa majini, mvua, bei ya korosho, halafu akarudi tena kwa viongozi kana kwamba kuna mmoja alimsahau. Kitinda mimba alishalala zamani kwenye paja la mama. Yule wa kati alikuwa anahesabu mijusi ukutani. Najua, kwa sababu na mimi nilikuwa naihesabu, walikuwa watano. Baba alipofika "Amina", kijana wa mijusi aliipokea kwa sauti kuliko sisi sote, ile Amina ya mtu aliyefunguliwa pingu. Akafinywa sikio.

Msinicheke kwa kusema hivi, lakini nilijiona mimi. Kwetu mama alikuwa na kipaji cha kututeta kupitia kwa Mungu. "Baba wa mbinguni, mguse huyu anayemaliza sukari akidhani haonekani..." Wote tunajua ni nani. Nimekua nikidhani kufumba macho ni kusubiri kushtakiwa. Nadhani wengi wenu mnaosoma hapa mna sala yenu ya namna hiyo, na nadhani ndiyo sababu mojawapo tukishapata chumba cha kupanga mjini, kitu cha kwanza tunachoacha ni sala ya jioni.

Kesho yake alasiri nilipita karibu na chuo. (Pwani ukisema chuo ni madrasa, wala usifikirie Mlimani.) Watoto wanasoma kwa sauti, wote kwa pamoja, miili inayumba, mkubwa anamsahihisha mdogo. Na kwenye maulidi ni hao hao wanaosimama na kaswida, dufu zikilia, wazazi wamewakodolea macho. Sisemi chuoni hakuna fimbo, ipo, nimeiona. Ninachosema ni kwamba mtoto pale ana kazi. Akinyamaza, pengo linasikika. Kwenye mkeka wa rafiki yangu, watoto wote watatu wangeweza kuondoka na sala isipungue neno hata moja.

Nilimwambia hivyo. Akakasirika kidogo. "Ndugu yangu, wewe hujazaa. Wanangu kutwa wako na wenzao wa chuo. Nisipowakaza hapa, nitawapoteza." Nikamwelewa. Hofu yake ni ya kweli, na si ya Mtunda peke yake. Wazazi wetu wa Tabata na Kimara nao wanaiogopa, ila kwao anayegombea mtoto ni simu. Lakini kukaza nyuzi za gitaa mpaka zikatike si kupiga gitaa.

Hebu tuangalie Biblia yenyewe. Kwenye Matendo ya Mitume sura ya 20 kuna kijana anaitwa Eutiko. Mtume Paulo yuko Troa, anahubiri ghorofani, taa nyingi, usiku wa manane unafika na mzee bado anaendelea. Kijana amekaa dirishani, usingizi unamzidi, anaanguka toka ghorofa ya tatu, anaokotwa amekufa. Paulo anashuka, anamkumbatia, uhai unarudi. Halafu wanapanda tena juu, wanakula, na Paulo anaendelea kuzungumza mpaka alfajiri! Ninachokipenda hapo ni kwamba hakuna aliyemfinya Eutiko sikio. Na Luka, mwandishi makini, hakuona aibu kuandika kwamba mahubiri yalikuwa marefu.

Au chukua wenzetu Walutheri, maana rafiki yangu ni wa KKKT. Martin Luther alitoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, baada ya kukagua sharika na kushtuka jinsi watu walivyokuwa hawajui hata mambo ya msingi. Hakuiandika kwa ajili ya darasa la kipaimara tu. Vichwa vya sehemu zake vinamtaja mkuu wa nyumba, awafundishe watu wake kwa urahisi. Na sehemu zake kuu ni maswali na majibu mafupi. Huyo huyo, miaka ya 1530, alitunga wimbo wa Krismasi kwa ajili ya wanawe. Sisi tumeichukua katekisimo tukaifanya mtihani wa kukariri kanisani, na nyumbani tukabaki na hotuba.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi ndio tunaoijua hii kazi kuliko wote! Nani asiyejua usiku wa Kiswahili unavyoanzishwa? "Paukwa!" "Pakawa!" "Kitendawili!" "Tega!" Msimulizi haanzi mpaka ajibiwe. Bibi zetu hawakusoma malezi chuo kikuu chochote, lakini hawakuwahi kusimulia kwa watoto waliolala. Hadithi ya Yona ianze kwa paukwa, kuna dhambi gani? Mtoto mmoja awe Yona, mmoja nahodha, wa miaka minne awe samaki (watagombania samaki, nawaambia).

Kuna watakaosema tunageuza ibada kuwa mchezo. Hoja nzito hiyo, siidharau. Watoto wanahitaji pia kuona wazazi wao wamenyamaza mbele ya kitu kikubwa kuliko wao. Lakini dakika mbili za kimya cha kweli zinazidi nusu saa ya mijusi. Lugha nayo ni sababu. Nyumba nyingi zina Biblia ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952. Kiswahili chake ni kitamu, mimi mwenyewe siiachi, ila ukimsomea mtoto wa miaka minne bila kumsimulia ni sawa na kumsomea gazeti la serikali. Biblia Habari Njema ipo, na mdomo wa mama upo.

Usiku wa tatu rafiki yangu akasema haya, anko wenu anajifanya mtaalamu, tumpe nafasi. Nikamwomba yule wa mijusi achague habari. Akachagua Nuhu. Tukaisimulia kwa kupokezana, dada mtu akihesabu wanyama, kitinda mimba akilia kama mbuzi kila mara hata pasipo na mbuzi. Tulipofika maji yanapopungua, kijana akauliza, "Baba, mbona Rufiji ilipojaa sisi hatukuambiwa tujenge safina?"

Mnakumbuka Aprili 2024. Maji yaliingia mashambani na majumbani, Rufiji na Kibiti, watu wakahama wakaishi kambini, mjini tukabishana kama ni mvua au ni bwawa. Yeye alikuwa na miaka sita. Kumbe swali alikuwa nalo muda wote huo, na kila usiku alikuwa amekaa nalo pale pale mkekani.

Baba akanyamaza. Mara ya kwanza namwona hana la kusema. Kisha akasema, "Hata mimi nimewahi kumuuliza Mungu hivyo hivyo." Mama akaanza kusimulia usiku ule walivyomhifadhi jirani na watoto wake, na dada mtu akamsahihisha, hawakuwa watoto wanne, walikuwa watano. Saa nne ilipita. Kitinda mimba alikuwa macho, anataka kujua mbuzi wa jirani walienda wapi.